Asipewe Chochote kwa Mdomo

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo.

Naandika kwa sababu simu yako ni pambo la ukutani. Nikipiga unasema, "Sisikii mwanangu, andika." Basi naandika. Mimi sijambo. Ya mdogo wangu muulize mwenyewe.

Shida ni samaki wa Baba. Mheshimiwa ameharibika. Tangu Jumatano iliyopita hawezi kukaa sawa ndani ya maji. Akitulia kidogo tu, kile kitambi kilichompa jina kinampandisha juu, mgongo unakwenda chini, anabaki anaelea tumbo likitazama dari. Akitaka kushuka anapiga mkia kwa nguvu zake zote, anafika nusu ya tangi, halafu anapandishwa tena. Kipande cha tumbo kinachobaki nje ya maji kimeanza kukauka na kuwa chekundu. Wewe umefanya kazi miaka thelathini kwenye maabara ya chuo cha uvuvi, na wewe ndiye uliyemletea Baba samaki huyu akiwa na ukubwa wa kidole gumba. Niambie nifanye nini.

Unajua tangi lilipo, nyuma ya kamera, palepale Baba alipoliweka, ili mtoto akiambiwa "mwone samaki" ainue macho na kufunga mdomo. Nusu ya picha za pasipoti za mtaa huu zimepigwa kwa msaada wa Mheshimiwa. Sasa watoto wanainua macho, wanaona samaki amepinduka, wanaangua kilio. Jana mtoto mmoja nimempiga picha mara kumi na moja. Mama yake akaniuliza, "Dada, kwani huyo si amekufa?"

Mimi nafungua studio saa mbili mpaka saa saba. Mwenzangu anaingia saa saba na nusu mpaka jioni. Ufunguo tunaachiana kwa fundi viatu wa mlango wa pili, kwa hiyo hatuonani. Baba aliagiza samaki ale mara mbili kwa siku, chakula cha kushika kwa ncha za vidole viwili, basi. Kwa kuwa mdogo wangu hakumbuki hata kufunga dirisha, namlisha mimi mara zote mbili, nikifungua na kabla sijaondoka. Anamfanyia nini huko mchana, sijui.

Tafadhali asijue kwamba nimekuandikia. Sijasema naye neno tangu tulipomzika Baba, na huu ni mwaka mmoja na miezi miwili. Mwisho wa Machi mkataba wa chumba cha studio unakwisha, na mwenye nyumba anataka sahihi zetu zote mbili au tutoke. Yangu bado sijaamua.

Mwanao,
Rula
(ndivyo alivyoniita Baba, nami sijaona sababu ya kubadilisha)


6 Februari

Shangazi yangu mie, shikamoo mara saba!

Masikio yanasemaje? Na lile goti? Usinijibu kwamba ni uzee, hakuna mzee anayevaa viatu vyekundu.

Shangazi, Mheshimiwa anataka kutufia. Juzijuzi nimeingia nimemkuta chali juu ya maji, nikapiga ukelele mpaka fundi viatu akaja mbio na nyundo mkononi akidhani nimevamiwa. Nikamgusa samaki kwa kidole, akanikodolea jicho. Kumbe mzima! Anaogelea kichwa chini, anagonga kioo, anapinduka tena. Nilicheka halafu nikalia, unanijua.

Na mimi najua chanzo. Dada hamlishi. Kwake yeye kila kitu ni kanuni na kipimo, huruma hakuna. Nikifika tu saa saba na nusu, kile kiumbe kinakuja kwenye kioo kinafungua mdomo pa, pa, pa, kama mtu anayeniita jina. Asubuhi nzima hajapewa kitu! Basi nampa. Jioni kabla sijafunga nampa tena, ili itimie mara mbili kama Baba alivyosema. Kama si mimi angekuwa mfupa.

Wanasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Sisi tunaye mmoja tu. Akioza huyu, tutakuwa tumeoza nani?

Nifanyeje, Shangazi? Wewe ndiye daktari wao. Ila usimwambie Dada kwamba nimekuuliza. Atasema, "Hata samaki amemshinda." Simwezi yule. Ikitokea tukapishana mlangoni kwa fundi viatu, ananitazama kama picha iliyoungua.

Chiriku wako


12 Februari

Mwanangu Rula,

Marahaba. Barua imefika, na siri yako nimeifukia.

Sikiliza. Ndani ya samaki kuna kifuko cha hewa. Hicho ndicho kinachomfanya akae katikati ya maji bila kuzama wala kuelea. Sasa samaki wa dhahabu wa aina ya Mheshimiwa, wale wafupi wa tumbo kubwa, Mungu aliwapa nyumba ndogo na vyombo vingi: kila kitu ndani kimebanana. Akila kupita kiasi, au akimeza hewa pamoja na chakula kinachoelea, utumbo unavimba, unakibana kifuko, na mizani yote inaharibika. Mara nyingi si ugonjwa, ni shibe.

Kwa hiyo asile siku tatu. Usimwonee huruma, samaki mzima hafi kwa njaa ya siku tatu. Punguza maji ili asihangaike kupanda na kushuka. Badilisha robo ya maji kila siku, kwa maji yaliyolala ndani ya ndoo. Siku ya nne chemsha njegere moja, moja tu, imenye ganda, iponde, mpe kidogo kidogo. Hiyo itamsafisha tumbo. Baadaye chakula chake cha punje kiloweke kwanza mpaka kizame, ndipo umpe.

Tumbo likivimba hata magamba yakasimama, niambie haraka, hapo ni jambo jingine.

Na zungumza na mdogo wako. Samaki mmoja, watu wawili, haiwezekani kila mmoja amuuguze kivyake.

Shangazi yako


12 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na viatu vyekundu nimevivaa leo kwa ajili yako.

Samaki asile siku tatu, hata punje moja. Punguza maji. Siku ya nne, njegere moja ya kuchemsha iliyomenywa. Ataomba. Atakuja kwenye kioo atafungua mdomo. Usimtazame usoni, hiyo ni tabia yake tu, hata akiwa ameshiba anaomba.

Kuna jambo katika habari hii limenichekesha peke yangu mpaka jirani akachungulia, lakini nimeahidi kunyamaza. Mimi kwa siri ni kaburi, unajua. Zungumza na dada yako.

Shangazi


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo.

Nilifuata maagizo yako neno kwa neno. Jumatatu sikumpa kitu. Jumanne sikumpa kitu. Kwenye kopo la chakula nilichora mstari kwa kalamu mahali kilipofikia. Jumatano asubuhi chakula kimeshuka chini ya mstari, na sakafu ya tangi ina nyuzi ndefu za choo. Aliyefunga siku mbili atatoa wapi choo kile?

Nikachukua karatasi nyeupe nikaandika kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye kioo mahali ambapo asiyetaka kuona ataona: ASIPEWE CHOCHOTE KWA MDOMO.

Alhamisi nimeikuta karatasi imechanwa vipande vinne juu ya kiti changu. Na samaki tumbo limejaa, ngozi imekaza.

Sasa unaona mwenyewe, Shangazi. Ndivyo alivyo. Akiambiwa usimpe, anampa. Madaktari waliandika maneno hayo juu ya kitanda cha Baba na wakatueleza sote wawili tukiwa tumesimama pamoja: kiharusi kimemharibu koo, akimeza chochote kinaingia kwenye mapafu, atalishwa kwa mpira wa puani mpaka watakaposema wao. Mimi nikaelewa. Yeye akachukua kijiko. Siku nne baadaye Baba hayupo.

Mkataba nimeuweka kwenye droo. Nafikiri sitautia sahihi.

Rula


22 Februari

Shangazi,

Leo sina mzaha, nisamehe.

Unajua Dada alichobandika kwenye tangi? Maneno yaleyale ya pale kitandani kwa Baba. Yaleyale, kwa mwandiko wake ulionyooka. Nimeingia na mteja nyuma yangu, bibi mmoja na mjukuu wake, na yule mtoto anajifunza kusoma. Akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole juu ya kioo. Bibi yake akampongeza. Mimi nikashika ukuta.

Nilijitahidi kweli, Shangazi. Jumatatu nilimpa samaki mgongo mchana kutwa. Jumanne nikasema punje tatu tu, punje tatu haziui, zikaishia kuwa kiganja kizima. Jumatano nilikuwa nimejiapiza nisimpe kitu. Lakini nilipoona ile karatasi nikaichana, nikachukua kopo, nikamwaga. Nikamwambia, kula, kula ushibe, maana mimi ndiye muuaji wa nyumba hii na kila mtu anajua. Sijui nilikuwa namkomoa nani. Samaki wa watu alikula chote.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Unaikumbuka siku ile. Wewe ndiye uliyeniambia, "Nenda dirishani kachukue dawa, mimi nitakaa naye." Foleni ilikuwa ndefu, nimekaa karibu saa nzima. Niliporudi ulikuwa umekwenda bafuni kunawa, na Baba alikuwa anakohoa. Kikohozi kidogo kisichokwisha, jicho lake moja zima limenikazia. Nikadhani koo limemkauka. Nikachovya kijiko kwenye maji, nikamtia mdomoni. Kijiko kimoja, Shangazi. Halafu nikaenda mwenyewe kumwambia muuguzi, maana niliogopa. Sikujificha. Dada akafika jioni, akaambiwa, akaniambia mlangoni mwa wodi mbele ya watu wote, "Umemuua." Na mimi sikubisha, kwa sababu naamini hivyohivyo.

Yeye siku ile ya kwanza mdomo wa Baba ulipopinda alisema ni uchovu, tukachelewa mpaka asubuhi kumpeleka. Hilo halisemwi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Nimechoka. Siwezi kukaa chumba kimoja na hayo maneno, wala na mkono wangu huu. Naondoka studio. Nitampa fundi viatu ufunguo.

Chiriku


1 Machi

Chiriku mwanangu,

Usiondoke. Usichukue hatua yoyote ukiwa na moyo mzito namna hiyo. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kijiko kimoja cha maji hakiui mtu. Nakwambia hakiui, na usiniulize nimejuaje.

Tumrudie samaki. Kama tumbo limekaza, anza upya siku tatu. Angalia joto la maji. Maji yakiwa ya baridi tumbo lake linafanya kazi polepole, kwa hiyo tangi lisikae kwenye upepo wa mlango. Ile ngozi iliyokauka juu ya tumbo, funika tangi kwa kitambaa chenye unyevu ili hewa isimkaushe. Pampu ya hewa ipunguze nguvu, mkondo ukimsukuma anachoka bure. Pale chuoni nilikuwa naye mmoja aliyeelea hivyo wiki sita, akapona, akaishi miaka mitatu. Mwingine hakupona. Wengine kifuko chenyewe huharibika, na hapo hata ufanye nini ataogelea upande maisha yake yote, lakini anakula, anaishi. Njegere ikikosekana, spinachi laini iliyochemshwa inafaa. Chumvi usitie kwa kubahatisha.

Naona nimeandika ukurasa mzima wa samaki. Macho yananiuma leo. Nitakuandikia tena.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo.

Mdogo wangu ameondoka. Tarehe mbili alimwachia fundi viatu ufunguo na kikaratasi. Nakinakili kama kilivyo: "Sahihi yangu usiitafute. Samaki baki naye. Baba alikuwa anakohoa kabla." Hakuandika jingine. Nasikia analala kwa rafiki yake mshonaji.

Samaki nimemwanzishia upya. Siku tatu hakula, siku ya nne njegere. Sasa ni siku ya tano anaogelea mgongo juu, tumbo chini, kama alivyoumbwa. Anayumba kidogo upande wa kushoto, lakini anashuka mpaka chini na kukaa. Jana watoto wawili wamepigwa picha bila kulia. Kwa hiyo tumepata jibu. Yeye hayupo, samaki mzima. Hiyo ni hesabu ambayo hata wewe huwezi kuibishia.

Ila lile neno la mwisho la kikaratasi limenikaa. "Alikuwa anakohoa kabla." Wakati ule hakusema hivyo, au alisema sikumsikiliza, maana nilipofika nilikuwa sisikii mtu. Mimi ni mtu wa vitu vinavyoonekana. Kama Baba alikuwa anakohoa kabla ya kijiko, basi kuna kitu kilitangulia kijiko.

Wewe ndiye uliyekuwa naye saa ile. Sina mwingine wa kumuuliza. Niambie ukweli, alikuwa anakohoa kabla? Ukisema hapana, namtafuta mwenye nyumba namwambia tunatoka, na kila mmoja ashike njia yake. Ukisema ndiyo, nitamfuata mdogo wangu kwa magoti, kwa kuwa neno nililomwambia pale mlangoni halisemwi kwa mtu asiye na hatia.

Nasubiri jibu lako tu.

Rula


17 Machi

Binti zangu wawili, watoto wa kaka yangu,

Rula, bahasha hii imekufikia wewe, lakini usiisome peke yako. Ukifika hapa simama, ikunje, nenda kwa huyo mshonaji, mkae pamoja. Ikiwa umeshaisoma yote, nenda tu.

Naanza na dogo. Rula, hesabu yako ya samaki ina kosa. Ulimlisha mara mbili asubuhi, ukidhani mwenzio hamlishi. Chiriku alimlisha mara mbili mchana na jioni, akidhani wewe humlishi. Mara nne kwa siku, mwaka mzima na zaidi. Amepona kwa sababu mlishaji amebaki mmoja. Angeondoka Rula akabaki Chiriku, angepona vilevile. Nililijua hilo tangu barua zenu za kwanza, zilipofika pamoja. Nikacheka, nikanyamaza, kwa kuwa kila mmoja aliniapisha. Kunyamaza nimekuzoea mno.

Sasa lile kubwa.

Ndiyo, alikuwa anakohoa kabla. Mimi ndiye niliyempa chai.

Chiriku alipokwenda dirishani nilikaa na kaka yangu. Nilikuwa na chupa yangu ya chai ya maziwa, nikajimiminia kikombe. Akasikia harufu. Akanyoosha ule mkono mzima. Hakuweza kusema sawasawa, lakini "dada" alilitamka, na "kidogo." Ile karatasi ilikuwa juu ya kichwa chake, niliisoma. Nilimlea yule, mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili naye mitano, hakuna siku aliyoniomba chakula nikamnyima nikiwa nacho. Nikajisemea madaktari wanazidisha. Nikamwinua, nikamshika kisogo, akanywa. Nusu kikombe. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akaanza kukohoa, na hakuacha. Nikaogopa. Nikamfuta mdomo na kidevu, nikaenda bafuni nikaosha kikombe, nikakikausha kwa kanga yangu, nikakitia mkobani. Nilipotoka, Chiriku alikuwa ameshampa kijiko cha maji, na ameshakwenda kusema.

Nilipoona amesema yeye, nikanyamaza.

Jioni nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale ukumbini. Mlidhani sikusikia. Masikio yangu ni mabovu kweli, lakini Rula ulipiga kelele, na nilisikia kila neno. Nilisikia "umemuua." Nilimwona Chiriku anatazama chini. Ningeweza kuinuka. Ilikuwa hatua tano. Nikajiambia nitasema kesho, Baba yenu akitulia. Kesho yake hakutulia. Akafa, nikajiambia nitasema baada ya maziko. Baada ya maziko hamkuwa mnazungumza, nikajiambia sasa nikisema nitaongeza moto. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikapanda basi nikarudi kwangu, na mkawa mnaniandikia, kila mmoja kwa siri yake, nami nikawa nawajibu kama mtu mwenye haki ya kushauri.

Chiriku, uliponiandikia habari ya kijiko, nilikaa siku kadhaa na barua yako, halafu nikakuandikia habari ya pampu na spinachi. Hilo linanitia haya kuliko hata ile chai. Ile chai niliitoa kwa mapenzi. Ile barua niliiandika kwa woga.

Daktari mmoja wa hapa nimemwendea wiki hii nikamweleza. Amesema mtu wa hali ile huweza kupaliwa hata na mate yake, hakuna wa kuapa ni nini kilimmaliza. Nawaambia hilo kwa sababu ni kweli, lakini silishiki kama fimbo ya kuegemea. Kama kuna aliyemdhuru, ni mimi, si mtoto huyu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitaki kufa nalo.

Rula, umesema ukimkosea utamfuata kwa magoti. Umemkosea. Mimi nimekuacha umkosee.

Shangazi yenu


31 Machi

Shangazi,

Shikamoo sikuiandika. Si kwamba nimesahau.

Naandika mimi, Chiriku. Dada amekaa hapa pembeni yangu, na kila sentensi namsomea kabla ya kwenda nyingine. Barua hii ni ya wote wawili.

Dada alikuja kwa mshonaji tarehe ishirini na tatu, mvua inanyesha, barua ameiweka ndani ya blauzi isilowe. Alikuwa ameshaisoma yote. Alinipa nikaisoma nimesimama, cherehani zinanguruma. Nilipofika kwenye kikombe niliomba zizimwe. Nikarudia tena kusoma tangu mwanzo, nikidhani nimekosea. Nilipoinua macho Dada alikuwa chini, magotini, juu ya vipande vya vitambaa na sindano. Nikamwambia, "Inuka, utachomwa." Hakuinuka. Ikabidi na mimi nishuke.

Msamaha aliuomba. Sijampa wote. Nampa kidogo kidogo, kadiri ninavyoupata, na yeye amesema atasubiri. Nami nimemwomba wake kwa ile siku nilipomwaga kopo zima. Mkataba tumeutia sahihi Ijumaa. Mheshimiwa yu hai, anayumba upande wa kushoto, na Dada anasema huenda ndivyo atakavyokaa. Asubuhi analishwa na Dada, jioni na mimi, mara moja kila mmoja. Na tunaulizana.

Kuna jambo hulijui, na Dada naye hakulijua mpaka juzi. Tulikuwa tunakunywa chai jikoni kwake, akaniona nakoroga kwa mpini wa kisu. Akacheka, akanisukumia kijiko. Sikukishika. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu ile siku. Mwaka mmoja na karibu miezi minne sijashika kijiko, Shangazi. Wali nakula kwa mkono, mchuzi nakunywa kwa kikombe, dawa ya kikohozi napima kwa kifuniko. Mtoto wa rafiki yangu alipougua nikaombwa nimpe dawa, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mama yake akarudi, akanuna wiki nzima. Nilidhani nina wazimu. Ulikuwa na dawa ya wazimu huo, neno moja tu, umelikalia.

Dada amelia kuliko siku ya maziko. Kisha ameniambia niandike hivi: kwamba chai hatukulaumu. Baba angetuomba sisi kwa mkono ule, hatujui tungefanya nini. Mimi mwenyewe nilishindwa na samaki. Chai tunaielewa. Lile benchi ndilo hatulielewi. Tumejaribu kila upande, tumelala nalo, tumeamka nalo, hatulielewi.

Tulikuwa na wewe tu baada ya Baba. Kila mmoja wetu alidhani ana wewe.

Kwa sasa usituandikie. Usimtume mtu kutuombea, wala usipande basi kuja, hatutafungua. Hatusemi ni milele, maana hatujui. Siku tutakapoweza tutakuja sisi, wawili pamoja, tutakaa mbele yako, na utatusimulia yote upya kwa mdomo wako huku ukimtazama Dada na kunitazama mimi. Mpaka siku hiyo, hatuna la kukujibu.

Chiriku
Rula